Mawimbi ya Redio ni Mali ya Umma: Utangazaji wa Digitali Katika Masafa ya Kati na Suala la Mwingiliano

UTANGULIZI

Katika madarasa ya itikadi limekuwa likizuka swali ambalo kwa juu juu laonekana kuwa la mafundi peke yao. Swali lenyewe ni hili: ikiwa matangazo ya redio katika masafa ya kati, yaani AM, yatageuzwa kuwa ya digitali, je, hayatavuruga matangazo mengine yaliyo jirani nayo? Na mwananchi mwenye redio ya kawaida atasikia nini?

Wapo makada wanaodhani kwamba mambo ya namna hii si ya siasa. Husema, "Tuwaachie wataalamu." Huo ni mtazamo usio sahihi. Mtaalamu anaweza kutuambia wimbi moja linaingilia lingine kwa kiasi gani. Lakini hawezi kutuamulia ni nani avumilie usumbufu huo, ni nani agharamie redio mpya, na ni nani afaidike. Hayo ni maswali ya siasa, na kazi ya Chama ni kuyajibu kwa kuangalia maslahi ya walio wengi, yaani wakulima na wafanyakazi.

Makala haya yana shabaha tatu. Kwanza, kueleza kwa lugha nyepesi jinsi mwingiliano wa mawimbi unavyotokea. Pili, kuchambua mafundisho yaliyopatikana nchi za nje na hapa kwetu. Tatu, kuonyesha msimamo unaofaa kwa kada, hasa aliye katika mikoa ya Mbeya na Iringa.

MAWIMBI NI NJIA KUU

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipotaja njia kuu za uchumi zinazopaswa kuwa chini ya wakulima na wafanyakazi, lilitaja ardhi, misitu, madini, maji, na pia njia za habari. Kwa nini habari ziliwekwa katika orodha moja na ardhi? Kwa sababu anayemiliki njia za habari ana uwezo mkubwa wa kuamua watu wajue nini na wasijue nini.

Lakini njia za habari si mitambo na studio tu. Ndani yake mna kitu kisichoonekana kwa macho, nacho ni mawimbi yenyewe. Mawimbi yanafanana na ardhi kwa mambo mawili. La kwanza, hayakutengenezwa na mtu. Kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba ni jasho lake. La pili, nafasi yake ina mpaka. Masafa ya kati katika Afrika, Ulaya na Asia yamegawanywa kwa Mpango wa Geneva wa mwaka 1975, ulioanza kutumika Novemba 1978. Kwa mujibu wa mpango huo, nafasi zinaanzia kilohezi 531 hadi kilohezi 1602, na kati ya nafasi moja na nyingine pana tofauti ya kilohezi 9. Piga hesabu: ni nafasi 120 tu. Nafasi hizo 120 ndizo zinazogawanywa na mataifa ya mabara hayo yote.

Basi mawimbi ni kama shamba la kijiji lenye vitalu 120 na wakulima wengi. Kila mmoja akiheshimu mpaka wake, wote hulima. Mmoja akipitisha jembe kwenye mpaka wa mwenzake, ugomvi huanza.

Umma wetu ulilitumia vizuri shamba hilo. Baada ya utangazaji kuwekwa chini ya Serikali mwaka 1965 na kuitwa Radio Tanzania Dar es Salaam, mitambo ya masafa ya kati ilijengwa mikoani, kama vile Mbeya, Mwanza, Arusha na Songea. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma na kujadiliana, na baada ya mjadala walichimba vyoo na kusafisha visima. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Redio hiyo hiyo ilitoa nafasi kwa vyama vya ukombozi wa Kusini mwa Afrika kusema na watu wao. FRELIMO na ANC walitangaza kutoka Dar es Salaam. Haya yanaonyesha kwamba wimbi likiwa mikononi mwa umma huwa chombo cha elimu na cha ukombozi.

MWINGILIANO HUTOKEA VIPI?

Ili kada aweze kuwaeleza wananchi, lazima kwanza yeye mwenyewe aelewe.

Katika AM, sauti hubebwa na wimbi kwa kuongeza na kupunguza nguvu ya wimbi hilo. Kila wimbi linalobeba sauti huwa na mbavu mbili, moja kulia na moja kushoto. Nafasi zikiwa na tofauti ya kilohezi 9, kila ubavu unastahili kilohezi 4 na nusu tu. Ukizidi hapo, unaingia kwa jirani. Huo ndio mwingiliano wa majirani.

Upo mwingiliano wa pili, nao ni wa usiku. Mchana, mawimbi ya masafa ya kati husafiri yakiambatana na uso wa ardhi. Yale yanayopanda angani humezwa na tabaka la chini la hewa yenye chaji za umeme, ambalo hutengenezwa na jua. Jua likizama, tabaka hilo hutoweka. Mawimbi hupanda hadi tabaka la juu zaidi, yakagonga huko na kurudi duniani mamia ya kilomita kutoka yalikotoka. Ndiyo maana mtu aliyeko Tunduma au Makambako akifungua redio ya AM usiku husikia vituo vya nchi za mbali ambavyo mchana havisikiki kabisa. Vituo viwili vilivyo katika nafasi moja, ambavyo mchana havikutani, usiku hugongana.

Hapa pana ukinzani ambao kada lazima aushike. Mkulima wa mpunga wa Mbarali au mchuma chai wa Mufindi hana nafasi ya kusikiliza redio mchana. Wakati wake ni baada ya magharibi, akisubiri taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Saa ile ambayo mwenye jasho yuko huru kusikiliza ndiyo saa ambayo mawimbi yamechafuka zaidi.

Mwingiliano wa tatu unatoka ndani ya nyumba zetu wenyewe. Taa za bei rahisi, chaja za simu na vidhibiti vya umeme wa jua visivyotengenezwa vizuri hutoa kelele za umeme zinazoingia katika AM. Umeme umefika vijijini, nayo ni hatua kubwa ya maendeleo. Lakini pamoja na umeme vimeingia vifaa duni. Mara nyingi mwananchi hulaumu mtambo wa Serikali wakati mchawi ni balbu iliyo juu ya kichwa chake.

DIGITALI INALETA NINI?

Katika utangazaji wa digitali, sauti hugeuzwa kuwa tarakimu kabla ya kurushwa. Redio ya mpokeaji huzipokea tarakimu hizo na kuzirudisha kuwa sauti. Faida zake ni za kweli, na si busara kuzikataa. Sauti huwa safi. Maandishi yanaweza kwenda pamoja na sauti, mathalan bei za mazao au tahadhari ya mafuriko. Aidha umeme unaotumika kwenye mtambo unaweza kupungua sana.

Lakini zipo hasara nazo. Ya kwanza: redio ya kawaida haiwezi kuzifasiri tarakimu hizo. Mwenye redio ya AM akifika kwenye nafasi hiyo husikia mvumo tu, kama maji ya maporomoko. Ya pili: matangazo ya AM yakidhoofika, msikilizaji huendelea kuambulia maneno katikati ya makelele, matangazo ya digitali yakidhoofika kupita kiasi, hukatika ghafla na kubaki kimya. Ya tatu: tarakimu huijaza nafasi yote waliyopewa, wakati wote, hata mtangazaji anapovuta pumzi. Kwa hiyo jirani hapati nafuu hata kidogo.

FUNDISHO LA MAREKANI

Nchi iliyoonyesha wazi hatari ya mwingiliano huo ni Marekani. Huko haukuchaguliwa mfumo wa kuacha AM na kuingia digitali moja kwa moja, bali mseto: kituo kiendelee na AM yake katikati, na tarakimu ziwekwe pembeni, kulia na kushoto. Mfumo huo uliendelezwa na kampuni ya iBiquity, iliyoundwa mwaka 2000, na miongoni mwa waliowekeza mtaji wao humo yalikuwamo makampuni makubwa ya utangazaji. Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, iliuidhinisha mwaka 2002, kwa AM ukiwa wa mchana tu. Mwaka 2007 ikaruhusu utumike usiku pia.

Nafasi za Marekani zina tofauti ya kilohezi 10. Lakini tarakimu za mseto zilienea hadi kilohezi 15 hivi kila upande. Maana yake ni kwamba mwenye kitalu kimoja alimwaga mbegu katika vitalu vya majirani wa pande zote mbili. Mchana madhara yalikuwa na kiasi. Usiku, kwa sababu tulizozieleza, mvumo ulisafiri mamia ya kilomita. Mfano uliojulikana sana ni wa kituo kidogo cha WYSL cha Avon, katika jimbo la New York, kilicho kwenye kilohezi 1040. Kililalamika kwamba wasikilizaji wake wanafunikwa na tarakimu za WBZ ya Boston, yenye kilowati 50 kwenye kilohezi 1030, iliyo umbali wa takriban kilomita 500.

Tunajifunza nini? Tunajifunza kwamba katika uchumi wa kibepari, mwenye mtaji mkubwa ndiye anayepata nafasi ya kusogeza mpaka. Vituo vikubwa vilikuwa na fedha za mitambo mipya na za kulipia leseni ya mfumo. Vituo vidogo vya miji midogo viliachiwa mvumo. Na msikilizaji, ambaye ndiye mwenye mawimbi, hakuwa na redio ya kupokelea digitali hiyo. Baadaye vituo vingi vyenyewe viliizima digitali yao ya AM usiku. Oktoba 2020 FCC ikaruhusu vituo vinavyotaka viache AM kabisa na kutumia digitali tupu, ambayo haihitaji kumwaga tarakimu katika nafasi za majirani kama mseto ulivyofanya.

Mfumo mwingine ni DRM, yaani Digital Radio Mondiale, ulioanzishwa na muungano uliozaliwa Guangzhou, China, mwaka 1998. Huu umeundwa ukae ndani ya nafasi ya kawaida ya kilohezi 9 au 10. Kanuni za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, zinaruhusu nafasi iliyosajiliwa kwa AM chini ya Mpango wa Geneva itumiwe kwa DRM, kwa sharti kwamba nguvu inayorushwa ipunguzwe kwa angalau desibeli 7 pande zote, yaani ibaki kama moja ya tano. Sharti hilo limewekwa kwa ajili ya kuwalinda majirani. India imeufuata mfumo huu, na shirika lake la All India Radio limefunga zaidi ya mitambo 30 ya masafa ya kati. Hata hivyo India nayo ilikuta kwamba kufunga mtambo ni rahisi kuliko kumpatia mwanakijiji redio ya kupokelea. Mapokezi yalienea zaidi katika magari mapya kuliko katika nyumba za makabwela.

FUNDISHO LA KWETU

Hatuna haja ya kwenda mbali sana kutafuta funzo. Sisi wenyewe tumepitia digitali ya televisheni. Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na zamu ya Mbeya ikafika tarehe 30 Aprili 2013. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa katika Afrika kuchukua hatua hiyo, na hilo ni jambo la kujivunia.

Lakini mwanamapinduzi hajivuni bila kujikosoa. Nyumba isiyokuwa na king'amuzi ilibaki na televisheni isiyoonyesha kitu. Mtambo ulikuwa tayari. Mfuko wa mwananchi haukuwa tayari. Tena, Agosti 2018 ving'amuzi vya kulipia vya setilaiti viliacha kuonyesha chaneli za ndani zinazostahili kuonekana bure, kwa sababu leseni zao hazikuruhusu. Sheria ilikuwa na mantiki yake, lakini aliyenunua king'amuzi hicho kwa fedha ya mahindi hakuwa ameelezwa tofauti ya leseni hizo. Kosa lilikuwa katika elimu. Mashine zilitangulia, maelezo yakafuata nyuma.

Televisheni wakati ule ilikuwa zaidi ya mjini. Redio ni ya kijijini. Kosa dogo katika televisheni litakuwa kosa kubwa katika redio.

HALI YA NYANDA ZA JUU KUSINI

Mbeya na Iringa, pamoja na Njombe na Songwe zilizozaliwa kutoka mikoa hiyo mwaka 2012 na 2016, ni mahali pazuri pa kulipima suala hili. Matangazo ya FM huenda kama mwanga wa tochi: mlima ukisimama mbele, kivuli huanza. Mnara ulio juu ya Loleza huuona mji wa Mbeya wote, lakini hauwezi kuona nyuma ya Rungwe wala ndani ya mabonde ya Makete. Kutoka uwanda wa Kitulo hadi Kyela kando ya Ziwa Nyasa ardhi hushuka zaidi ya mita 2,000. Ili kuyafikia mabonde yote kwa FM, yahitajika minara mingi, na kila mnara unahitaji barabara, umeme, mlinzi na fundi. Masafa ya kati hupinda kwenye vilima kwa urahisi zaidi, na mtambo mmoja huhudumia eneo kubwa.

Isitoshe, tunapakana na Zambia na Malawi. Bungeni limelalamikiwa mara nyingi suala la wilaya za mipakani kusikia redio za jirani vizuri kuliko redio ya taifa. Majirani hao ni ndugu zetu, na hatuna ugomvi nao. Lakini taifa lisilosikika mpakani kwake lina kasoro ya kurekebisha.

HOJA MBILI POTOFU

Hoja ya kwanza husema: "AM imekufa, kila mtu ana simu." Ni kweli kwamba simu ndogo tunazoziita vitochi hupokea FM, na kwamba Shirika la Utangazaji, TBC, limeelekeza nguvu kwenye FM. Lakini vitochi hivyo hivyo havipokei AM, wala havipokei digitali ya DRM. Na redio ya intaneti hununuliwa kwa bando. Kusikiliza taarifa ya taifa lako kusiwe jambo la kukatiwa salio. Tukiziacha nafasi zetu za masafa ya kati zikae bure, tukumbuke kwamba shamba lisilolimwa halikosi wa kulitamani.

Hoja ya pili husema: "Digitali ni ya mabeberu, tuikatae." Hii nayo ni potofu. Redio ya transista nayo haikubuniwa Iringa. Lakini katika miaka ya 1960 kiwanda cha Matsushita kilianza Dar es Salaam, redio na betri zikatengenezwa nchini, na chombo hicho kikawa cha wakulima. Ubaya hauko katika chombo. Uko katika mpangilio unaomfanya mwananchi kuwa mteja tu wa chombo kilichoamuliwa na wengine.

MSIMAMO SAHIHI

Kutokana na uchambuzi huu, msimamo wa kada kuhusu digitali katika masafa ya kati uwe na masharti manne.

Kwanza, mfumo wowote utakaochaguliwa ukae ndani ya nafasi yake na usimwage tarakimu kwa jirani. Majaribio yafanywe usiku pamoja na mchana, maana usiku ndio mwalimu wa kweli wa masafa ya kati.

Pili, redio itangulie mtambo. Matangazo ya kawaida yasizimwe katika eneo lolote mpaka redio za kupokelea ziwe zinapatikana madukani kwa bei ambayo mkulima anaweza kuimudu, na ikiwezekana ziunganishwe hapa nchini.

Tatu, mawimbi yabaki kuwa mali ya umma. Mamlaka ya Mawasiliano hutoa ruhusa ya kutumia, haiuzi umiliki. Aliyepewa ruhusa amekodishwa kitalu, hakupewa shamba.

Nne, wananchi waelezwe na wasikilizwe kabla ya uamuzi. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulisisitiza kwamba watu washirikishwe katika kupanga maendeleo yao. Fundi akija kijijini baada ya mambo yote kwisha kuamuliwa, huko ni kutangaza amri tu.

WAJIBU WA KADA

Yako mambo ambayo kada hahitaji kusubiri maagizo kuyafanya. Katika tawi lake anaweza kuorodhesha kaya zenye redio, za aina gani, na zinazosikia nini mchana na usiku. Anaweza kuwafundisha wananchi kuzima taa na chaja moja baada ya nyingine ili kutambua kelele inatoka wapi. Anaweza kuwasaidia kuandika malalamiko yenye tarehe, saa na namba ya kilohezi, kwa sababu lalamiko lisemalo "redio haisikiki" halimsaidii fundi, bali lisemalo "saa mbili na nusu usiku kwenye nafasi hii tunasikia mvumo" humpa pa kuanzia. Na anaweza kufufua vikundi vya kusikiliza, kwani nguvu ya Mtu ni Afya ilitokana na watu waliokaa pamoja kuzunguka redio na baadaye wakashika majembe.

Siasa ya Ujamaa na Kujitegemea haikuzaliwa kwa ajili ya vitu vinavyoonekana peke yake. Ardhi tuliilinda kwa sababu tuliiona. Mawimbi hatuyaoni, na kwa sababu hiyo ni rahisi zaidi kunyang'anywa bila kujua. Kazi ya elimu ya siasa ni kumfanya mwananchi akijue kilicho chake, ili siku kikiguswa aweze kusema.

MASWALI YA MJADALA

1. Kwa nini mawimbi ya redio yanaweza kulinganishwa na ardhi? Ulinganisho huo una mipaka gani?

2. Eleza tofauti kati ya mwingiliano wa majirani, wa usiku, na wa vifaa vya nyumbani. Upi unasumbua zaidi katika kijiji chako?

3. Katika mfano wa Marekani, ni nani aliyefaidika na ni nani aliyeumia? Toa sababu.

4. Ikiwa kijiji chenu kitaambiwa kwamba matangazo ya kawaida yatazimwa baada ya miezi sita, ni maswali gani mtakayoiuliza Serikali kabla ya kukubali?